Kosaini ya Nyuzi 75

Jumanne

"Umekopi!" Nimemfokea Mwanaidi mbele ya darasa zima. Nilitaka kosaini ya nyuzi 75, kwa vipeuo, si desimali. Akaandika (√6 − √2)/4, jibu lilelile tulilolipata jana kwa saini ya nyuzi 15. Akataka kujieleza. Sikumsikiliza, nilikuwa nawahi foleni ya sabuni ya mgao, dukani Msimbazi.

Nilipokuwa narudisha chaki ofisini ndipo nikashtuka. 15 na 75 ni 90, kwa hiyo saini ya moja ndiyo kosaini ya nyingine. Mtoto alikuwa sahihi, tena bila hesabu ndefu ambayo mimi…

Nafika dukani, foleni imeshapinda kona. Mwanaidi yuko karibu na mlango.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekushikia nafasi kwa jiwe hili, mbele yangu."

Nikaitikia marahaba, nikaliondoa jiwe, nikasimama.