Mtaro wa Majani Chai na Ukuta wa Bahari

Litein, 9 Mei

Baba Omosa,

Sasa hivi mwanao amemwaga beseni lote la nguo mlangoni, akakaa kwa matope akipiga makofi. Nimeanza kumgombeza nikaishia kucheka. Tuko salama kwa neema ya Mungu. Wewe je, kifua kimepoa?

Nimesoma kwenye barua yako vile ile meli imechota mchanga chini ya bahari, mbele ya ukuta mnaojenga, na sasa wewe na mwenzako Kipkurui mnaogopa kupanga mawe upande wa nje. Msiogope. Si unakumbuka mtaro wetu wa majani chai? Ulipojaa udongo, maji yaliruka yakabeba miche. Tulipouchimba ukaenda chini, yakapita polepole kama ng'ombe ameshiba. Shimo likienda chini, maji hutulia. Rudini kazini, nyumba yetu imebaki kuezekwa tu.

Ni mimi, Mama Omosa


Pwani, 29 Mei

Mama Omosa,

Salamu zako zimefika. Mimi mzima. Kipkurui si mzima.

Nilimsomea barua yako. Alicheka, akasema mwanamke wa milimani ametushinda kujua bahari, akatangulia kushuka. Wimbi likaja zima, likageuza jiwe, likamvunja mguu.

Fundi mkuu ametueleza. Ule mchanga ndio ulikuwa unavunja mawimbi mbali. Yalijikwaa pale, yakafika ukutani yamechoka. Sasa maji ni marefu, hakuna cha kuyakwaza.

Usijilaumu. Barua ni yako, lakini mdomo uliosoma ni wangu. Mama yake bado hajui. Wiki ijayo wananirudisha upande wa nje.

Baba Omosa


Litein, 4 Juni

Baba Omosa,

Salamu zitangoja. Toka huko nje ya ukuta, hata kama ni kuacha kazi. Tutalala chini ya nailoni, haijaua mtu.

Bahari sijawahi kuiona, na nikakuandikia kama niliyezaliwa ndani yake. Rodah, mama ya Kipkurui, tunachuma naye mstari mmoja. Jana Omosa akilia, Rodah alinijazia kikapu, akaniambia, "Kijana wangu yuko kimya. Lakini akiwa na bwana yako, mimi nalala." Nilishindwa kumwangalia.

Leo nitamwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwingine. Mguu huunga, na yeye ni mtu wa huruma, natumaini ata—

Ngoja, ni yeye anaita hapo nje. Hajaniita Mama Omosa, ameniita kwa jina langu, Nyambeki. Kama Kipkurui ameshapata simu ya kuazima akamweleza habari ya barua yangu, basi mimi nimechelewa ku—