Wiski ya Mahindi Imenikosanisha na Bwana Daglasi

Mpendwa Bi Fakhria,

Shikamoo. Naomba jina langu lisitokee gazetini, na naomba jibu lako litoke kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, maana siku hiyo kamati ya klabu itakaa, na kufikia saa hiyo nitakuwa nimeitia sahihi karatasi yao au nimeikataa, na mpaka sasa sijui nifanye lipi.

Mimi ni mhudumu wa kaunta katika klabu ya Wazungu hapa Tabora, mwaka wa kumi na moja sasa, mzaliwa wa Ipole, Mmoravian, na pombe sijaionja tangu nizaliwe, na hata ningetaka, sheria haimruhusu Mwafrika kunywa wiski, lakini kwa kunusa nazijua zote, kwa sababu marehemu baba alikuwa mrina asali na alinizoesha kunusa asali na kumwambia nyuki walitoka kwenye maua gani. Aliyenifundisha wiski ni Bwana Daglasi, Mskoti wa reli. Ndiye aliyenionyesha kwamba maji hukaa kwenye jagi pembeni, barafu kamwe, glasi haijazwi, na mtu haulizwi neno mpaka amekunywa funda la kwanza. Miaka yote hiyo, saa kumi na moja na nusu jioni, amekaa kiti kilekile mbele yangu, na tumezungumza mengi, habari za mama yake aliyefariki akiwa mbali naye, habari za watoto wangu, na za mvua.

Sasa mwezi wa tano Mwamerika mmoja, fundi wa matrekta kule kwenye mashamba ya karanga Urambo, alikuwa anarudi kwao, akaiachia klabu masanduku matatu ya wiski ya nchi yake iitwayo bourbon, ambayo huipika kwa mahindi, akaniambia, "Nakuachia kazi. Wafundishe hawa Waskoti kunywa." Nikaichukua kazi hiyo kwa moyo wote, Bi Fakhria, labda kupita kiasi. Niliinusa nikaona si kavu wala haina moshi kama zile wanazozipenda wengi wao, ni tamu, ina harufu ya asali iliyopata moto na ya mbao mpya, nikajua nikiwawekea wote siku moja wataitema. Nikaanza na bwana wa benki, ambaye hata chai hutia vijiko vinne vya sukari, nikampa kidogo na tone la maji bila kumtajia jina, mpaka akauliza mwenyewe. Daktari wa mifugo nilimpa baada ya chakula, si kabla. Katika wiki tatu watu watano walikuwa wanaiagiza, lakini Bwana Daglasi aliinusa akairudisha, akasema, "Hii ni dawa ya kikohozi. Wapelekee hospitali."

Nikatafuta njia ya kumvuta. Yule Mwamerika alikuwa amenieleza kwamba sheria ya kwao inataka wiski hiyo ilazwe katika pipa jipya lililounguzwa ndani, na pipa likishatumika mara moja halitiwi tena wiski hiyo, basi mengi huuzwa kwa Waskoti, nao hulaza yao humo miaka na miaka. Hilo lilinifurahisha sana, kwa sababu kwetu Ipole mzinga mpya unaweza kutundikwa mtini misimu miwili ukabaki mtupu, lakini mzinga uliokwisha kukaliwa, wenye nta na harufu ya wenyewe, nyuki huuingia bila kuitwa, na ukimpenda mkwe wako humpi mzinga mpya, unampa wa zamani. Kwa hiyo jioni moja, klabu imejaa, nikamwambia, "Bwana, hii si mgeni kwako. Wiski yenu hulazwa katika mapipa waliyotumia Waamerika kwanza." Naapa nilikuwa naisifu.

Kaunta nzima ikaangua kicheko. Bwana wa benki akapiga meza, akasema, "Daglasi! Kumbe miaka yote unakunywa makombo ya Waamerika!" Bwana Daglasi akaweka glasi chini haijafika nusu, akaniambia, "Asante," akatoka. Leo ni siku ya tisa hajarudi. Mimi kila siku saa kumi na moja na nusu naweka jagi lake la maji, kisha naliondoa.

Kamati, ikitaka kumrudishia Bwana Daglasi heshima yake, imeniletea karatasi itakayobandikwa ubaoni, imeandikwa kwamba nilisema uongo kuhusu mapipa. Nisipoitia sahihi nitaachishwa kazi bila barua ya sifa. Mke wangu anasema nitie sahihi, watoto watatu wako shule ya misheni. Bwana wa benki anasema nisitie, yeye na wenzake watakuwa nyuma yangu. Na jambo moja sijamwambia mtu, hata mke wangu: walipocheka, na mimi nilicheka.

Nifanyeje?

Mhudumu wa Kaunta, Tabora

*

Marahaba, Mhudumu.

Majina nimeyabadilisha, ingawa sidhani kama itasaidia. Mji wetu una klabu moja ya Wazungu, klabu ina kaunta moja, na anayesimama nyuma yake ni wewe.

Mimi wiski siijui, dini yangu hainiruhusu kuijua, na sitakuuliza ina ladha gani. Lakini kumzoesha mtu bidhaa ngeni ni kazi ninayoielewa, kwa kuwa ndiyo iliyotulisha nyumbani. Babu yangu alikuwa akipokea misafara hapa Tabora. Ikifika shanga ya rangi ambayo haijaonekana Unyamwezi, hakuitandaza barazani kwanza. Alichukua punje chache akaenda kumwonyesha mtemi ndani, wawili peke yao. Mtemi akiikataa, ameikataa bila mtu kujua. Akiipenda, anatoka nayo shingoni yeye mwenyewe, na watu wanadhani ni yeye aliyeivumbua.

Wewe ulikuwa unaijua njia hiyo bila kufundishwa. Bwana wa benki ulimpa kidogo, kimyakimya, kwa kadiri ya ulimi wake. Daktari wa mifugo ulimngojea mpaka ameshiba. Kazi nzuri sana, na nakupongeza kwa dhati. Kisha ulipofika kwa mtu unayemheshimu kuliko wote, ukapanda jukwaani. Yeye ulimtaka mbele ya watu, kwa sababu ulitaka wakuone ukimshinda mwalimu wako. Usinibishie, hilo limo katika barua yako.

Habari ya mzinga naikubali, nina jamaa Sikonge, jirani na kwenu. Lakini yeye hakulelewa Ipole. Kwake yeye kitu alichokwisha kutumia mwenzake ni kitu kilichotupwa, na wewe umemwambia hivyo kuhusu kinywaji ambacho ndicho kipande pekee cha nyumbani kwao alichobaki nacho huku. Ungefikiri kidogo ungeliona hilo, maana umemhudumia miaka kumi na moja.

Sasa karatasi. Usiitie sahihi. Kama habari ya mapipa ni ya kweli, siku moja atapita mtu mwingine wa Amerika na kuirudia, na karatasi itakuwa bado ina jina lako. Na mhudumu aliyeandika kwa mkono wake kwamba ni mwongo, barua ya sifa itamsifu kwa nini? Mwambie mkeo kwamba najua ada za shule, nimelipa za wanangu sita, na bado nasema usitie.

Huyo bwana wa benki naye usimsikilize hata kidogo. Anataka mchezo uendelee. Ukifukuzwa Jumamosi, Jumatatu atakuwa anamwagiza mtu mwingine glasi ileile, na jina lako litamtoka kabla mwezi haujaandama.

Sasa nikukemee, kwa sababu ndiyo kazi uliyonipa. Umeniandikia kurasa nne za mapipa, nyuki na sheria za watu, na mstari mmoja tu kwamba ulicheka. Mstari huo ndio barua. Kicheko cha wenzake Bwana Daglasi amekizoea, ndio maisha yao kila jioni. Aliinua macho akakuona wewe unacheka, ndipo akaweka glasi chini. Kamati inagombania mapipa kwa sababu mapipa yanaweza kubandikwa ubaoni. Yeye ana uchungu mwingine, na wewe pia unao, ama sivyo usingeweka jagi la maji kwa mtu ambaye haji.

Basi fanya hivi. Alhamisi, kabla ya kamati, omba ruhusa ya mchana uende nyumbani kwake. Pita mlango wa mbele, usizunguke jikoni. Usivae kanzu ya kazi, vaa nguo zako za kanisani. Chupa usibebe ya aina yoyote. Mwambie kwa maneno machache kwamba habari ya mapipa ni ya kweli na hutaikana, ila ilikupasa umwambie yeye peke yake, na kwamba ulicheka, na unaona haya. Mizinga usiitaje isipokuwa akuulize. Halafu mwache aseme yeye.

Akikufungia mlango, Jumamosi irudishie kamati funguo za kabati na karatasi yao isiyo na sahihi, kisha nenda kwa yule Mgiriki mwenye hoteli karibu na stesheni. Mweleze kwamba umewanywesha Wazungu watano wiski ya mahindi kwa wiki tatu. Atakuchukua kabla hujamaliza kusema, barua ya sifa au hapana.

Lakini nadhani hatafunga. Nadhani atakuonyesha kiti. Hapo ndipo ninapokuhofia zaidi, maana nakuona unasema, "Hapana, Bwana, nitasimama tu." Usiseme hivyo. Mambo yote hayo mmezungumza, ya mama yake na ya watoto wako, yeye ameketi na wewe umesimama. Vuta kiti, ukae.