Gitaa Lisilo na Waya

Bi Sabra mpendwa, naomba unisaidie na jina langu usilitaje, maana hapa Tunduma nafahamika, mimi ndiye mpiga gitaa wa kwaya yetu, na aibu niliyo nayo hata chakula hakipiti. Shemeji yangu Anania, mdogo wake mke wangu Loisi, ana banda la gemu, na kabla ya Pasaka akataka kuleta ile gemu ya muziki ambayo mchezaji anashika gitaa la plastiki na kubonyeza vitufe vya rangi kufuatisha picha kwenye TV, akaniambia, "Shemeji, mtaalamu wa magitaa ni wewe, nenda Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka, ukanichagulie," na mimi badala ya kusema gemu sizijui nikakohoa kitaalamu, nikaondoka na mke wangu.

Dukani yalikuwepo mawili, moja jepesi lenye waya mrefu wa kuchomeka kwenye mashine, hilo nikalidharau, la pili zito, jeusi, nikalipakata, nikaangalia shingo kwa jicho moja kama ninavyoangalia magitaa yote, na muuzaji, ambaye ni Mbemba wa Zambia, akaniambia, "Batata," yaani baba kwa lugha yao, "hili halina waya, mwaona?" Nikacheka, nikamjibu macho ninayo, kwa sababu sisi kwenye kwaya nyuzi za gitaa tunaziita waya, za kwanza tulichomoa kwenye breki za baiskeli. Kumbe alimaanisha linataka kidude chake cha kuchomeka kwenye mashine ndipo viwasiliane hewani, na mimi kidude sikukiulizia. Mvua ikaanza, Loisi akalifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, tukavuka.

Jumatatu ya Pasaka banda limejaa, Anania akawasha mashine, gitaa kimya, watu wakaanza, "Mtaalamu, vipi tena?" na mdomo wangu ukasema, "Loisi alijigonga nalo kwenye lori pale mpakani." Hakujigonga. Alinitazama, halafu akasema taratibu, "Labda nilijigonga, sikumbuki," na tangu siku hiyo anamwomba mdogo wake msamaha, na Anania salamu yake haitikii, na juzi nimemkuta jikoni anajisemesha jinsi alivyopita katikati ya malori, anatafuta ni wapi aligonga. Bi Sabra, najichukia. Nikinunua gitaa jingine nikalipeleka kimya kimya, si yataisha? Na nichague lipi?

Mwenye Aibu, Tunduma

Wewe Mwenye Aibu,

Jina lako umetaka nilifiche, la mkeo na la shemeji yako umeyaandika kwa herufi kubwa. Hayo Loisi na Anania ni ya kubuni, nimeyabandika mimi. Naona ndiyo tabia yako, wewe ukishakuwa salama, mzigo abebe mwenzako.

Nakuhurumia kidogo, maana kuitwa mtaalamu kunalevya. Lakini kuuliza si ujinga, bwana. Mimi pia gemu sizijui, nimemuuliza binti yangu Fatu, na sikupungua chochote. Anasema anza na mashine ya Anania, ujue ni ya aina gani, kwa sababu gitaa la mashine hii halielewani na mashine ile. Kwa banda linaloingia watu kutwa nzima, chukua lenye waya, lile lile ulilolidharau. Bonyeza kila kitufe uone kinarudi, kile kipande cha kupigia kilicho mahali pa nyuzi kisikwame juu wala chini, na usitoke dukani kabla halijajaribiwa kwenye mashine. Uzito na shingo waachie kwaya.

Ila gitaa jipya halitayafuta maneno yaliyotoka mdomoni mwako. Ukilipeleka kimya kimya, Loisi atabaki mwanamke aliyeharibu la kwanza, na atakushukuru kwa kumfichia. Hilo utaweza kulibeba?

Leo, kabla gazeti hili halijafika kwa jirani, mwambie mkeo ukweli. Usianze na habari ya waya, anza na "hukujigonga popote." Kisha nenda bandani watu wakiwepo, kwa sababu ulimsema mbele za watu, useme hivyo hivyo mbele za watu. Watakucheka. Wacheke, utapona.

Halafu, kabla hujanunua jingine, rudi Nakonde kwa yule muuzaji, huenda kidude bado kipo kwake. Mwombe Loisi mwende wote, akikataa usimlazimishe. Akikubali, na mvua ikawakuta mpakani, kitenge jifunge wewe.

Bi Sabra