Nguzo Namba Kumi na Tisa

Jumatatu, 4 Februari

Theluji tena. Baridi ya kugandisha kope. Nimefika kazini saa mbili kasoro, nimevaa soksi tatu tatu, na simu ya kwanza ya dharura ya wiki ilikuwa hii: kindi kaingia bwenini. Amekaa juu ya jokofu, anakula mkate wa watu. Msichana analia. Nikamuuliza, kuna aliyeumia? Akasema mwenzake ameumia moyoni. Nikamtuma askari wetu Duane na ndoo.

Kanisani wakiniuliza kazi yangu huwa najibu "polisi" na kunyamaza, ili waniheshimu. Siwaambii kwamba ni polisi wa chuo kikuu. Siwaambii kwamba sina bastola, nina kiti chenye magurudumu, skrini nne, na kifaa cha sikioni kinachonibana nywele. Wenye shida wanapiga, mimi napokea, namtuma askari. Miaka ishirini na miwili. Bado mwaka mmoja na miezi mitatu nistaafu — nani anahesabu? Mimi nahesabu!

Kindi alitoka mwenyewe. Duane amerudi na ndoo tupu na alama ya jino kwenye glovu. Anasema lilikuwa shambulio. Nimemwandikia ripoti kamili, na jina la mshukiwa nikaweka "hajulikani".

Jumanne, 5 Februari

Profesa Whitcomb kapiga simu. Laini ya kawaida, sio ya dharura — mzee ana adabu zake. Ana miaka themanini na mmoja, kafundisha mambo ya miamba hapa miaka arobaini. Siku hizi kila Alhamisi anakuja kula mchana na wastaafu wenzake, na kila Alhamisi akitoka hajui gari lake kaliacha wapi. Mwamba wa miaka milioni mia atakuambia ulikotoka na ulipopita. Gari la asubuhi hii, hapana.

Utaratibu nilimpangia mimi mwenyewe, msimu wa baridi uliopita, baada ya kumkuta anazunguka maegesho bila kofia. Nikamwambia: profesa, usizurure. Bonyeza nguzo ya simu ya dharura, ile yenye taa ya buluu, iliyo karibu nawe, kaa hapo hapo, usisogee hata hatua moja, Duane atakuja kukuchukua mtafute gari pamoja. Anafuata vizuri kuliko mwanafunzi yeyote wa hapa.

Leo ananiarifu kwamba wiki hii wanakula Jumatano. "Mama Haugen, litayarishe jeshi lako." Nikamwambia jeshi langu ni Duane peke yake. "Basi mwambie asishibe sana," akasema, "mara ya mwisho nusura nikae nje ya gari."

Jumatano, 6 Februari

Sijui nianzie wapi. Naanza mwanzo.

Jumatano ya kwanza ya mwezi ni siku ya kupima nguzo. Ziko thelathini na nne chuo kizima, kila moja ina taa ya buluu juu na kitufe chekundu kifuani. Duane anazunguka anabonyeza moja moja. Kwangu namba inatokea kwenye skrini, napokea, yeye anataja namba, mimi nairudia, natia alama kwenye fomu, nakata. Ndivyo kitabu cha kazi kinavyosema.

Tunavyofanya sisi? Duane mdomo umejaa donati. Anabonyeza, anasema "mm". Mimi namwambia "asante, meza kwanza," natia alama. Wakati mwingine hata hiyo "mm" haipo, ni pumzi tu. Na hafuati mpangilio, anafuata kahawa ilipo. Miaka kumi na sita tunacheka hivyo.

Basi leo mchana zikawa zinaingia. Tatu, nne, kumi na moja. Kumi na tisa — pumzi tu. Nikamtania kama kawaida, nikacheka, nikakata. Halafu ishirini na tano, ishirini na sita...

Saa tisa na dakika kumi na nane mwanafunzi akapiga. Nyuma ya jengo la somo la miamba kuna mzee amekaa kwenye benchi, hajibu vizuri, pua na masikio meupe kabisa. Nikaita gari la wagonjwa. Nikamwambia kijana amvue mzee glovu zilizolowa, amfunike na koti lake, asimsugue. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Alikuwa Profesa Whitcomb. Februari hii hakuna anayepita kule nyuma, wote wanatembea kwenye njia za chini ya ardhi, wana akili zao. Nilipotoa kifaa sikioni nikaenda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi.

Saa kumi Duane akaja mezani. "Marlys, kumi na nane mpaka ishirini na nne bado. Wanapasua barafu njia ya kaskazini, hakupitiki. Nimalizie kesho."

Nikaivuta fomu. Kumi na nane, tupu. Kumi na tisa, alama. Ishirini, tupu.

Kumi na tisa iko hatua sita kutoka lile benchi.

Nilisema sawa, kesho.

Alhamisi, 7 Februari

Nimeisikiliza. Kila simu inarekodiwa, na mimi nina ruhusa ya kufungua rekodi. Saa saba na dakika arobaini na moja. Sekunde tisa.

Pumzi. Pumzi nyingine, nzito, ya mtu ambaye midomo imekufa ganzi anatafuta pa kuanzia. Kisha mimi: "Kumi na tisa, asante Duane. Meza kwanza, mpenzi, usije ukanifia huko!" Kicheko. Changu. Halafu kabla sijakata, mbali kidogo, "Mama Hau—"

Saa moja na dakika thelathini na saba alikaa pale. Kwa sababu mimi nilimwambia asisogee.

Nimeisikiliza mara nne. Sijui kwa nini mara nne. Kicheko changu ni kibaya sana kwenye rekodi.

Ijumaa, 8 Februari

Binti wa profesa kaja. Corinne, anaishi Arizona, amefika jana na ndege na koti jembamba la watu wa jua. Kaja dirishani na boksi la biskuti za limau. Eti zangu! Kutushukuru kwa kumpata baba yake, na kwa miezi yote tuliyomsaidia. Nimelipokea boksi. Ningefanyaje?

Ncha mbili za vidole vya kushoto wanasema huenda zikakatwa. Mengine yatapona.

"Lakini dada," akaniambia, sauti chini, "kinachoniogopesha sio vidole. Ni kichwa. Baba anashikilia kwamba alibonyeza ile nguzo na mwanamke akamjibu. Eti alimcheka. Alimcheka, halafu akakata simu! Daktari kamuuliza mara tatu, anarudia hayo hayo. Gari naelewa, kila mtu anasahau gari. Lakini sasa anasikia watu wasiokuwepo."

Kwa hiyo anamchukua. Nyumba inauzwa, na mzee anapelekwa Arizona, kwenye makao ya wazee yenye mlango unaofunguliwa na wahudumu tu. Mzee hataki. Anasema ameishi mtaa huo miaka hamsini, na bafu la marehemu mkewe alilipanga mawe kwa mikono yake, jiwe moja moja.

Akaniuliza: inawezekana kweli alibonyeza? Mna njia ya kuangalia?

Nikasema nitaangalia.

Nitaangalia! Mwanamke wa miaka sitini na moja. Niliangalia mara nne.

Jumapili, 10 Februari

Kanisani. Chakula cha pamoja ukumbini, akina mama wameleta bakuli zao za viazi na jibini juu, nami sahani yangu sikuigusa. Mmoja wao, Verna, akauliza kama naumwa. Nikasema ni tumbo. Uongo wa pili wiki hii, na huu nimeusema chini ya picha ya Yesu.

Nimejipigia hesabu zangu zote. Nikisema, watanisimamisha kazi. Pengine na pensheni itaguswa, sijui, naogopa kuuliza. Nikinyamaza, hakuna atakayeifungua hiyo rekodi. Siku tisini inajifuta yenyewe. Mzee ataonekana amechanganyikiwa, na si mzee kweli? Si anasahau kweli?

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho makusudi, niione imekaa hapo. Nimeiona. Nina aibu.

Jumatatu, 11 Februari

Nimemwambia mkuu wetu, Luteni Kolstad. Niligonga mlango wake saa mbili kamili, kabla sijavua koti, maana nikishavua koti najijua.

Luteni ni mtu mwema anayeogopa karatasi. Kaisikiliza rekodi mara moja. Kisha akainuka kufunga mlango, na mlango ulikuwa umeshafungwa.

"Umeongea na familia?"

"Bado, afande."

"Usiongee. Hata neno moja. Hili sasa ni la wanasheria wa chuo, Marlys. Watalitazama, watakuja na barua."

"Lini?"

"Mwezi. Miwili."

"Nyumba inauzwa wiki hii, afande. Wanamhamisha."

Akasugua paji la uso. Akasema anafanya hivi kunilinda. Naamini kabisa kwamba anaamini. Akasema niendelee na zamu mpaka waamue, kwa sababu hana mwingine wa kuweka kwenye kiti. Basi nimeendelea. Bisi zimeungua bweni la mashariki, kengele ya moto imelia, vijana mia mbili wamesimama kwenye theluji na kandambili. Mmoja akanipigia kuuliza kama anaweza kurudi ndani kuchukua hizo bisi.

Duane nimemwambia pia. Akairudisha donati kwenye boksi. "Ni mimi ninayetafuna," akasema. Nikamwambia wewe ulitafuna, mimi nilikata. Akasema tungeweza kugawana. Karibu nicheke. Tumezoea kugawana donati, sasa anataka tugawane na hili.

Jumanne, 12 Februari

Saa nne na robo. Naandika nikiwa kazini, daftari mapajani, simu sikioni. Sijawahi kuandika kazini. Mkono unataka kitu cha kufanya.

Corinne kapiga laini ya kawaida. Lori la kuhamisha vitu linakuja Alhamisi, mtaa ni wa chuo, anaomba askari asimamie maegesho. Nikaandika namba ya lori. Nikauliza mzee anaendeleaje.

"Ametulia," akasema. "Tangu asubuhi habishi tena. Tulikuwa tunakunywa chai, akasema, labda kweli sikubonyeza, Corinne. Labda niliota. Nashukuru, dada. Sasa itakuwa rahisi."

Rahisi.

Huyu mtu aliyeniambia niandae jeshi! Ameacha kujiamini yeye ili aendelee kuniamini mimi, na mimi nimekaa hapa na namba ya lori mkononi.

Nikasema: "Corinne, laini hii inarekodiwa, na ni vizuri inarekodiwa. Baba yako alibonyeza. Saa saba na dakika arobaini na moja. Mimi ndiye niliyepokea. Tulikuwa tunapima nguzo, nikadhani ni mwenzangu, nikamtania, nikacheka, nikakata. Hakuota. Alikaa pale kwa sababu mimi mwenyewe nilimfundisha asisogee. Ijumaa uliponiuliza, nilikuwa nimeshaisikiliza."

"Ulicheka?"

"Nilicheka."

Halafu, sauti ndogo: "Na mimi nikakuletea biskuti."

"Ndiyo, mama."

"Usikate," akasema. "Usithubutu kukata."

Kaweka simu mezani. Nasikia viatu vyake sakafuni, mlango, televisheni inatangaza hali ya hewa, televisheni imezimwa. Sauti mbili. Ya mzee inauliza nani. Inauliza tena, juu zaidi.

Luteni katoka ofisini. Taa yangu nyekundu ya simu inawaka, na sijui ameona nini usoni mwangu, amesimama nyuma ya kioo anatikisa kichwa: hapana, Marlys, hapana. Duane kavuta kiti kakaa kati yangu na mlango.

Kiti kinaburutwa kule. Corinne: "Kaa hapa, baba. Sikiliza." Kisha kwangu: "Nimeweka spika. Yuko hapa."

Nasikia pumzi. Nzito. Pumzi nyingine.

Safari hii nangoja aanze yeye.