Zuhura Amechagua Unguja

Kahama, 16 Agosti 1998. Miaka thelathini na minne tangu niondoke Unguja.

Mjukuu wangu Zuhura anataka kazi ya kusimamia kompyuta za ofisi, labda huko migodini. Kozi zilikuwa mbili. Ya Dar es Salaam inaanza moja kwa moja na mitandao. Ya Unguja inaanza na mashine yenyewe.

Nilimsukuma aende Dar. Nilisema cheti cha huko kina uzito zaidi.

"Babu, sijafungua hata kompyuta moja, nitasimamiaje za ofisi nzima?" Akacheka. "Halafu Unguja nitakaa kwa Bibi Asha."

Ana hoja, na nilijua tangu mwanzo. Ni wivu wangu tu. Atalala katika nyumba niliyozaliwa, dada yangu Asha atampikia. Watamcheka kwa lafudhi yake ya Kisukuma, naye atawajibu, na baada ya mwezi atapita vichochoro vile bila hata kuvitazama.

"Twende wote, unisindikize."

Nikasingizia magoti. Ukweli ni kwamba naogopa kuuliza njia mbele yake, katika mji wangu mwenyewe.

Kesho nitamwandikia Asha ampokee. Mimi sirudi.