Saba Ni Hema

Bweni la wavulana, Kairo
Jumanne, baada ya chakula cha mchana

Kaka yangu Nubi,

Pokea salamu za mdogo wako, zile za mtu anayejua kwamba ungekuwa karibu ungemvuta sikio. Natumaini mgongo wako umepoa tangu mlipomaliza kukata miwa, na kwamba magoti ya mama hayamsumbui akipanda darini kulisha njiwa. Msalimie shemeji. Mbusu mwanao Hamdan kwenye kitambi chake. Ami Badri mwambie masharubu yake nimeyaona kwenye picha mliyonitumia, na kama ameyaazima kwa punda, ayarudishe kabla mwenyewe hajayakumbuka. Mimi ni mzima, nakula, nalala. Ila barua hii nakuomba uisome peke yako kwanza. Usiisome kwa sauti barazani kama ulivyozoea, watu wakipiga makofi kila ukifika nukta.

Bango mlilotundika nimeliona kwenye picha hiyohiyo. Jina langu limeandikwa kubwa kuliko jina la msikiti! Mama ameniambia kwa simu kwamba mlichinja kondoo, na kwamba hata bwana posta alikuja kula, yule aliyesema mtoto wa mkata miwa hawezi kusoma na watoto wa mabalozi. Uliniandikia ukitaka nikusimulie jinsi nilivyowabwaga wageni, neno kwa neno. Basi kaa.

Darasani tuko thelathini na mmoja, na sisi wenye nchi tuko sita tu. Wengine ni Wamalaysia, Waturuki, Wakorea, Wanaijeria, na msichana mmoja wa Brazili anayelia akipata tisini. Wana walimu wa ziada majumbani, wana vikokotoo vinavyochora picha. Mimi nilikuja na kichwa na kalamu mbili, na moja ilikuwa inavuja. Na bado niliwatoa jasho, kaka, sisemi uongo hapo. Muhula wa kwanza Mturuki mmoja aliniuliza kama kweli watu wa kusini hununua treni wakidhani ni punda mrefu. Maana huku Kairo, mtu wa kusini ni kichekesho, na wageni wakifika tu, kabla hawajajua kuomba maji, wanafundishwa vichekesho vyetu. Nikamjibu kwamba ndiyo, tumenunua, na tulimkuta baba yake amefungwa kama behewa la mwisho. Matokeo yalipotoka nilikuwa juu yake kwa alama kumi na nne. Hakuuliza tena habari za treni.

Mmoja tu hakuwahi kucheka. Anaitwa Yerlan, Mkazaki, alikuja muhula wa pili, akawekwa benchi moja na mimi. Mrefu, mpole, masikio kama vipini vya chungu. Kaka, yule mtoto anapiga hesabu kama mama anavyokanda unga: hatazami mikono. Jaribio la kwanza akanipita. La pili akanipita. Mimi, ambaye mlinisindikiza kituoni kwa ngoma!

Unajua ufadhili wangu ulikuwa wa miaka miwili tu. Mwaka wa tatu ipo nafasi moja, na mwenye nayo ni atakayekuwa wa kwanza kwa hesabu katika mtihani wa mwisho. Nikiikosa narudi nyumbani, na wewe na mimi tunajua shule ya kule ina walimu wangapi wa hesabu. Wewe uliacha masomo kidato cha pili, baba alipofariki, ili mimi nisiache. Hilo sikulisahau hata siku moja, ndiyo maana mkono wangu ni mzito leo. Yerlan naye aliitaka nafasi hiyohiyo. Kazi ya baba yake hapa imekwisha, familia inarudi kwao, na bila ufadhili hawezi kubaki. Aliniambia mwenyewe, bila kuficha, tukila maharage. Akasema ati mmoja wetu ataipata, na yeyote atakayeipata haidhuru, maana wote wawili tunastahili. Nani anazungumza hivyo, kaka? Nilimwambia anyamaze ale.

Sasa Ustadh Zakaria, mwalimu wetu wa hesabu. Mzee wa shule za serikali, ana miaka thelathini na tano ya chaki kwenye mapafu. Humu shuleni kila kitu kinaandikwa kwa namba za Kizungu, naye jambo hilo linamchoma. Wiki moja kabla ya mtihani akatangaza kwamba swali la mwisho, la alama kumi, ataliandika ubaoni kwa mkono wake na kwa namba zetu sisi, za Kiarabu. Wageni wakaguna. Akawaambia kwamba wamekula mkate wetu mwaka mzima, hivyo namba zetu pia watazimeza, na asiyetaka akale kwao.

Wote wakakimbilia simu zao kujifunza. Yerlan hakukimbia. Alinigeukia akasema ati kwa nini aulize simu, na mwenye namba amekaa naye benchi moja.

Siku hiyohiyo asubuhi alikuwa amenipita katika jaribio la tatu. Akanipiga bega, akasema kwa moyo mweupe kwamba mimi ni hodari mno kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na mwalimu. Hakuwahi kuwa na mwalimu! Nikakukumbuka wewe, na vipande vya miwa ulivyonipangia chini nijue kugawanya, na kofi ulilonizaba nilipokula kile kilichobaki. Damu ikanipanda. Nakueleza ujue ilivyoanza. Sikupi kama udhuru.

Unajua saba yetu na nane yetu zilivyo. Saba imeachama juu kama vidole viwili vilivyoinuliwa, nane ni hiyohiyo imepinduliwa, kama paa. Nilimfundisha zote sawasawa, sifuri ya nukta, tano ya duara, mpaka nilipofika hizo mbili. Hapo nikazigeuza. Nilimuuliza kwao wako wangapi. Akahesabu: baba, mama, bibi, na watoto wanne. Nikamwambia basi ni rahisi, wazee wenu walikaa kwenye hema, na hema lenu lina watu saba, kwa hiyo yenye umbo la hema ndiyo saba. Akacheka kwa furaha. Akasema hataisahau kamwe.

Nilikuwa namfanyia utani, kaka. Naapa kwa kaburi la baba, siku ile ulikuwa utani. Nilipanga nimwambie kesho yake, tucheke, aniite mshenzi wa kusini, yaishe. Kesho ikaja nikasema keshokutwa. Nikawa najiambia kwamba atajua mwenyewe, ataona mahali. Lakini yeye hutoka bwenini, huingia darasani, hurudi bwenini. Angeona wapi?

Asubuhi ya mtihani tulipanga foleni mlangoni. Alikuwa mbele yangu. Akageuka, akaninong'oneza kwamba saba ni hema, sivyo?

Hapo hapakuwa na utani tena. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema neno moja. Nikamwambia ndivyo, simba wangu, ingia.

Swali la mwisho lilikuwa la tangi la maji, limejaa saba na nane kama nzi kwenye asali. Mimi nilipata tisini na mbili. Yerlan alipata themanini na moja, kwa kuwa swali lile lote alipewa sifuri. Nikawa wa kwanza, mkapokea habari, mkanunua kondoo.

Ningeweza kunyamaza, na ningenyamaza, mimi najijua. Kilichonishinda ni kwamba siku ya matokeo Yerlan alikuja kuniomba radhi. Mimi! Alikuwa ameona kwa wenzake namba zilivyo, na hata mara moja hakufikiri kwamba nimemdanganya. Alisema kichwa chake kibovu, amelipindua hema, nami nilipoteza jioni nzima kumfundisha. Akasema nisione haya kufurahi mbele yake. Kisha akaenda kukunja nguo zake kwenye sanduku, moja moja, pole pole, na mimi niko kitanda cha pili najifanya nimelala saa nane ya mchana. Siku tisa nilijifanya hivyo. Picha yenu ya karamu ikafika siku ya tisa.

Juzi Jumapili nilimfuata Ustadh Zakaria nikamwambia yote. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alitoa karatasi ya Yerlan kabatini, akalifuata lile swali mstari kwa mstari, akiisoma kila saba kama nane na kila nane kama saba. Akakuta hesabu yote ni safi, haina hata kovu. Akampa alama kumi zake. Zikawa tisini na moja.

Rudia kuisoma hiyo namba, kaka. Tisini na moja. Mimi nina tisini na mbili. Nilikuwa nimemshinda. Nilikuwa nimewashinda wote, Waturuki na Wakorea na vikokotoo vyao, kwa kichwa ulichokifundisha wewe, na sikuhitaji hila yoyote.

Nikamwambia Ustadh hivyo, mjinga mimi, nikidhani nimepata mlango. Akasema muuza duka anayebonyeza mizani kwa kidole hasamehewi ati kwa sababu sukari ilikuwa imetimia. Jina langu limefutwa. Nafasi amepewa Yerlan.

Kwa hiyo huyu ndiye mdogo wako mliyemchinjia kondoo. Nitafika kwa treni ya Alhamisi asubuhi; barua hii inanitangulia na basi la leo usiku. Mama mwambie wewe kabla sijafika, maana mimi nikimtazama usoni nitaanza kupamba maneno. Usimwambie nimeshindwa. Mwambie nimedanganya. Na ukitaka kunipiga nipige, lakini usininyamazie, tafadhali.

Jambo moja la mwisho. Ustadh alinitaka kitu kimoja tu kabla sijaondoka: nikae na Yerlan nimfundishe zile namba upya. Nilikaa naye jana. Hakunitukana. Aliandika kila moja kiganjani kwa kalamu, kwa adabu, akiitikia kwa kichwa kila nikieleza. Tulipomaliza akanishukuru. Kisha akainuka, akavuka uwanja mpaka getini, nikamwona amekifungua kiganja mbele ya bawabu, anamwonyesha namba moja baada ya nyingine, na bawabu anaitikia, ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka kumi.

Nifikishie salamu kwa wote waliokula ile nyama. Mungu awape afya, na akupe wewe subira, maana nakuletea mzigo usioshushwa begani.

Ni mimi mdogo wako, na mwanafunzi wako,
Shazli