Kanyaga Mara Moja, Shikilia

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo breki imezama. Naiandika sasa hivi kabla sijaanza kujishuku, maana najijua.

Ilikuwa asubuhi, mteremko wa Seneto, tunaingia kreta. Wageni wanne nyuma wamesimama, vichwa nje ya paa. Kona ya tatu nikakanyaga breki, nikashikilia—pedali ikaendelea kushuka yenyewe, taratibu, kama nimekanyaga tope. Nikaachia, nikakanyaga tena, ikashika. Nikarudisha gia ya kwanza, nikateremka mwendo wa kinyonga mpaka chini. Mgeni mmoja akanisifu, eti naendesha kistaarabu. Nikasema asante.

Jioni nimemweleza Bosi Wilibrodi. Ana magari matatu na madereva watatu, na mwanamke ni mimi peke yangu. Akauliza, mafuta ya breki yamepungua? Hayajapungua. Kuna mahali panavuja? Hapana. Akaguna. Basi mpelekee Patrisi aiangalie.

Jumamosi gari hii inabeba kina mama sita wa jumuiya yetu ya Ganako. Wamezaliwa hapa, wamezeekea hapa, na kreta wanaijua kwenye kalenda tu. Safari nimeiandaa mimi. Kwa hiyo breki lazima ipone kabla ya Jumamosi. Hakuna mjadala.

Jumanne, 10 Juni

Gereji kwa Patrisi tangu saa mbili. Ni fundi mzuri, sikatai—nusu ya magari ya watalii hapa Karatu yamepita mikononi mwake. Nikamweleza: ukikanyaga mara moja ukashikilia, inazama. Ikipata moto ndiyo zaidi. Nadhani ni masta ya breki, ile silinda inayosukuma mafuta; zile raba za ndani zimekwisha.

Akacheka. Siyo kwa ubaya. Hiyo ndiyo inayoniudhi—angekuwa mbaya ningemjibu vibaya.

"Dada, masta umeisikia wapi?"

Kwa baba yangu, nikamwambia. Baba aliendesha lori la ngano huko Mbulumbulu miaka ishirini na sita, na aliyekuwa akimshikia tochi ni mimi. Kila asubuhi kabla ya kuondoka alipima breki: kanyaga mara moja, shikilia, hesabu mpaka kumi. Alihesabu kwa Kiiraqw. Wak, tsar, tam... Isiposhuka, safari. Ikishuka, hakuna kwenda popote, hata kama mwenye ngano analia.

Haya ya kuhesabu sikuyafikisha. Patrisi hakungoja nimalize. Akaingia kwenye gari, akaenda nayo mpaka njia panda ya Mbulu, akarudi. Barabara ya lami, tambarare kama meza! Akasema breki ni kali. Labda ni hivyo viatu, nivue hayo mabuti, mguu haupati hisia. Tena injini ikiwaka pedali hushuka kidogo, ni kawaida, nisiogope.

Kisha akatoa simu akampigia Bosi. Mimi nimesimama hatua moja kutoka kwake. Bosi, gari haina shida, ni dereva tu ana wasiwasi.

Wasiwasi! Miaka tisa nashuka Seneto.

Jumatano, 11 Juni

Nimempigia baba. Alinisikiliza, akauliza maswali ya maana, akasema hiyo ni masta, hata mtoto anajua. Nikafurahi. Halafu akasema: nenda na kaka yako Simon, fundi atamsikiliza.

Baba huyu huyu wa tochi!

Lakini nimekwenda na Simon. Sina muda wa kuona aibu, nina siku tatu.

Simon ni mwalimu wa shule ya msingi huko Daa. Hajawahi kushika usukani maishani mwake, baiskeli yenyewe humtupa. Njiani nikamkaririsha kama mtoto wa komunyo: masta, raba za ndani, inazama ikipata moto.

Tulipofika, Patrisi akampa mkono, akamvutia kiti. Mimi nikabaki wima. Akafungua boneti, akamweleza breki inavyofanya kazi kuanzia pedali mpaka gurudumu, dakika ishirini nzima, na alieleza vizuri sana. Mimi sijawahi kuelezwa hivyo hata siku moja. Simon anaitikia tu: eeh, eeh, kabisa fundi. Nikamkanyaga mguu. Akakumbuka. Akauliza, na masta je?

Patrisi akafikiri. Alifikiri! Akasema, swali zuri, mwalimu. Lakini ingekuwa masta mimi ningeisikia.

Akaijaribu tena palepale gerejini, akashuka. Nzima.

Tukiwa njiani kurudi Simon akaniambia yule fundi anajua kazi. Nimemteremsha stendi, apande basi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejua!

Asubuhi nilikuwa nje ya ofisi, Loserian anaegesha gari, mlango wake uko wazi. Loserian ni dereva mwenzangu, mtu wa Endulen, mpole, na kwa kuendesha anatuzidi wote. Macho yangu yakaangukia mguu wake. Tap-tap. Anakanyaga mara mbili haraka haraka ndipo anasimama. Nikamuuliza, mbona unafanya hivyo? Nafanya nini? Hata hajui kama anafanya! Kufikiri kidogo akasema alifundishwa na anko wake kwenye Land Rover ya zamani, bila kuipampu ilikuwa haisimami. Hapa wote wamefundishwa na anko wa namna hiyo. Na Patrisi—nakumbuka sasa—jana gerejini goti lake lilipanda na kushuka mara mbili.

Masta mbovu ukiipampu inashika. Mguu wako wenyewe unaficha ugonjwa. Ndiyo maana wao wanaikuta nzima na mimi naikuta mgonjwa. Siyo kwamba nina akili kuliko wao. Nilifundishwa na mtu mwingine, basi.

Nikaenda gereji karibu kwa kukimbia. Nikamwambia Patrisi kwa heshima zote: fundi, jaribu bila kupampu. Akasema breki ndivyo inavyokanyagwa, dada, sisi tulianza kukanyaga hivi kabla hujazaliwa. (Amenizidi miaka kumi tu.) Wateja wawili wakacheka. Nikarudi zangu nimechemka mpaka masikio.

Ofisini Bosi ananingoja. Akasema, kama naogopa nipumzike Jumamosi, Loserian atawapeleka kina mama. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayenipa likizo.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikikataa, gari haibaki. Inakwenda bila mimi. Loserian atapampu kona ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, kila kitu salama. Halafu itakuja ile kona ambayo mtu hana muda wa kukanyaga mara ya pili.

Jioni nikaenda kwa mama Cresensia, mwenyekiti wa jumuiya, kumwambia wasipande. Alikuwa uani anapura maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza kuhusu viatu. Aliuliza tu, fundi ni nani? Nikasema Patrisi.

Akaweka fimbo chini. Patrisi ndiye aliyemwoa Angela, binti yake wa pili. Nilijua, lakini kichwani mwangu gereji na ukwe havikuwa vimekutana.

Akajitanda khanga nyingine, tukaongozana. Gerejini Patrisi alitoka chini ya gari upesi upesi, akafuta mikono kwenye suruali, akaamkia macho chini, kama mtu anavyomwamkia mkwe.

"Marahaba, baba. Sikuchelewishi. Jumamosi napanda gari ya Leonida huyu, mimi na wenzangu watano. Nataka nisikie kwako mwenyewe. Ni nzima?"

Mimi alikwisha kuniambia nzima. Bosi aliambiwa kwenye simu. Simon naye akaambiwa, tena na kiti juu. Lakini mtu hamhakikishii mama mkwe jambo ambalo halijui mpaka mwisho—likimgeuka, ukweni ataingia na uso gani? Patrisi akakuna kidevu. Akaiangalia gari. Akaniangalia mimi kidogo sana.

"Mama... ngoja kesho niijaribu tena."

"Mkaijaribie mlimani," akasema mama Cresensia. "Na huyu ndiye aendeshe. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nimefurahi. Na nimeumia vilevile. Neno langu peke yake halikutosha, limehitaji kusindikizwa na mama mkwe. Naandika yote mawili maana yote ni kweli.

Ijumaa, 13 Juni. Asubuhi

Ukungu. Baridi ya Juni mpaka kwenye mifupa. Patrisi amekuja na kisanduku chake cha spana, akakipitisha mlango wa nyuma na yeye akafuatia. Amekaa kiti cha watalii! Hataki mji umwone pembeni yangu. Sawa. Karibu, mgeni wangu.

Ijumaa hiyo hiyo, saa kumi alasiri

Naandika nikiwa ndani ya gari. Tumesimama ukingoni, juu ya mteremko wa Seneto. Kuna jiwe mbele ya gurudumu na hendibreki nimeivuta mpaka mwisho.

Tangu getini, tuliposubiri kibali mpaka saa nane, nilikuja kwa gia nzito, polepole, na kila penye mteremko nikatumia breki makusudi ipate moto. Nilipofika hapa nikaegesha, nikateremka, nikaweka jiwe, nikamwambia fundi aje akae kwenye usukani. Injini inaunguruma.

Akakanyaga. Tap-tap.

"Si unaona? Ngumu."

"Fundi, mara moja tu. Shikilia. Hesabu mpaka kumi."

Akanitazama. Nadhani alimkumbuka mkwe wake. Akakanyaga mara moja, akashikilia, akaanza kuhesabu—kwa Kiiraqw! Sikumwambia. Kufika tatu sauti ikapungua. Kufika sita goti lake lilikuwa limenyooka. Kufika nane pedali ilikuwa sakafuni na hesabu ilikuwa imekatika. Niliuona mguu unainuka, unataka kupampu. Nikasema usipampu. Akauacha pale pale chini.

Mbele yetu ukungu mtupu. Kreta haionekani hata kidogo, lakini wote wawili tunajua iko wapi.

Sikumwambia nilikuambia. Nilitaka sana! Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Jumanne, na yalikuwa mazuri. Lakini kichwani niliwaona mama Cresensia na wenzake, wamevaa khanga za sare, wanaimba, kona ya tatu.

Patrisi akashuka, akaenda kusimama nyuma ya gari, akampigia Bosi. Nilisikia kila neno.

"Bosi, nimeipata. Ni masta."

Nimeipata! Nikazima injini, nikachukua funguo, nikatoa daftari hili kwenye begi ili hasira ipate kazi nyingine ya kufanya.

Amerudi. Amefungua mlango wa mbele akakaa pembeni yangu. Mimi niko kwenye usukani, naandika, yeye anapuliza viganja. Ameniuliza kama baba yangu bado yupo. Yupo, Mbulumbulu, miguu tu inamsumbua. Akasema angependa kwenda kumwamkia siku moja. Akakaa. Akasema kupampu alifundishwa na fundi wake, marehemu, na hajawahi kujiuliza kwa nini. Nadhani hiyo ndiyo samahani, au jirani yake. Nimesema sawa fundi.

Simu yake inalia. Bosi tena. Sauti imejaa gari nzima. Masta mpya haipatikani mpaka Arusha, geti linafungwa saa kumi na mbili, kesho kina mama wanangoja, na yeye hataki gari yake ilale porini. Amwambie Leonida ateremshe polepole kwa gia, mbona ni kurudi tu nyumbani. Akifika wataona cha kufanya. Mwambie, fundi. Mwambie.

Patrisi anasikiliza. Anatazama sakafu upande wangu, pale pedali ilipofika. Ananitazama.

"Bosi," anasema, "mimi ni fundi tu. Ongea na dereva."

Amenyoosha mkono wenye simu mpaka karibu na daftari. Kuna grisi kwenye kioo. Halo, anasema Bosi. Halo? Nimeinua kidole: asubiri, nimalizie mstari huu. Ikishuka, hakuna kwenda popote.